Majina ya Watu wa Ukungu

Kambi ya polisi ya Kasese, mwishoni mwa miaka ya sitini, ilikuwa na sauti moja ambayo mpaka leo naisikia nikiwa nimekaa kimya: sauti ya akina mama wakiita watoto jioni. Nyumba zetu zilikuwa za mabati, zimepangwa safu kwa safu, na kila mama alisimama mlangoni pake akaita kwa lugha ya kwao. Mwacholi alilivuta jina likapanda, Mteso akalikata katikati, Mlugbara akalishusha kama mtu anayeteremka ngazi. Kutwa nzima tulisema Kiswahili, Kiswahili cha kambi kisicho na adabu nyingi, lakini jioni kila mtu alirudishwa kwao kwa jina lake. Mimi niliyapenda majina hayo kwa jinsi yalivyolia, wala sikujua kwamba yalikuwa pia na habari ndani yake.

Ndipo mimi na rafiki yangu Akello, binti wa sajenti kutoka kaskazini, tukabuni mchezo wetu. Kutoka kambini tuliuona mlima wa Rwenzori umefunikwa karibu kila siku, na tukakubaliana kwamba ndani ya ukungu ule waliishi watu wadogo, wembamba, wazuri kupindukia, wenye masikio yaliyochongoka ili wasikie theluji ikianguka. Tukawaita watu wa ukungu. Kazi ya kuwapa majina nilipewa mimi, au niseme kweli, niliinyakua. Nikaweka masharti. Jina liweze kuitwa kutoka safu ya kwanza ya nyumba hadi kwenye bomba la maji bila kukatika. Liishie kwa sauti inayovutika. Na liwe na maana katika lugha ya mmoja wetu. Kwa Akello nilichukua yamo, ambao ni upepo, nikapata Yamoleya, mpiga filimbi. Kwa Wateso nilichukua akolong, jua, nikapata Akolonga, mlinzi wa mchana. Kwetu sisi Wakonzo nilichukua nzururu, theluji, nikampata malkia wao, Nzururwe. Malkia nilikuwa mimi, naam, na nikatangaza kwamba watu wa ukungu hawafi, maana nilikuwa na umri wa miaka tisa na sikuona sababu ya mtu yeyote kufa.

Umalkia huo niliutetea kwa hoja moja: mimi ni kifungua mimba. Nyumbani kwetu tulikuwa watatu, mimi Biira, mdogo wangu Kabugho, na Muhindo aliyekuwa bado akinyonya. Baba aliporudi kutoka lindoni ni mimi niliyepokea kofia yake, na ufunguo wa sanduku la nguo ulining'inia shingoni mwangu. Niliringa nao mpaka Akello akasema nitatembea shingo upande. Yeye alijua jina lake lilitoka wapi: kwao, anayezaliwa baada ya mapacha huitwa Akello, na kaka zake pacha walikuwepo, wakorofi wawili wasiokamatika. Aliponiuliza Biira maana yake nini, nilimjibu ni jina tu. Nilizaliwa Jinja, nikakulia katika kambi za mbali alikopelekwa baba kabla ya Kasese, na hakuna aliyenifundisha.

Jumamosi kambi ilinukia mafuta ya mawese, maana ndiyo siku aliyokuja Mama Filomena, mfanyabiashara wa Butembo, kwa ndugu zetu wa ng'ambo ya mpaka wa Kongo, mnene, rozari shingoni, aliyevukia Mpondwe na kupitia Bwera na madebe yake. Siku hiyo alikaa kivulini akitutazama tukicheza. Akacheka majina yetu yote, akayasifu, kisha akauliza jina langu mwenyewe.

“Biira,” nikasema.

“Aa, weye ni mutu ya kwetu! Na Masika iko wapi?”

Nikamwambia simjui Masika yeyote.

“Mutoto yangu, kwetu majina inafuatana. Binti ya kwanza ni Masika, ya pili Biira, ya tatu Kabugho. Biira haiwezi kuya kama Masika hayakuya mbele.”

“Mimi ndiye wa kwanza!” nikapiga kelele. Akello, ambaye siku zote alikuwa mwepesi wa ulimi, akasema basi nimekalia kiti cha mwenyewe.

Ulimi hauna mfupa, na wangu siku ile ulinitia aibu ninayoibeba hadi leo. Sikumsubiri mama arudi ndani. Nilimfuata bombani, wanawake zaidi ya kumi wakiwa kwenye foleni, nikamuuliza kwa sauti ya malkia: “Mama, Masika ni nani?” Mama aliacha debe lake likifurika, akaondoka. Siku mbili hakunigombeza wala kunipiga. Ila hakuniita kwa jina. Jioni aliita, “Kabugho! Muhindo!” nami nikaingia nyuma yao bila kuitwa. Niliogopa kwamba nimempoteza mama.

Siku ya tatu alinikuta nikichambua maharagwe bila kutumwa. Akaketi, akaingiza mkono kwenye ungo.

“Hiyo watu yenu ya mlima,” akasema, “inakufaka?”

“Hapana, mama.”

“Mutie na yeye huko, basi.”

Kisha akanieleza. Masika alizaliwa Jinja, akaishi siku kumi na moja. Baba alikuwa ametumwa mbali. Walioshika jembe kaburini walikuwa majirani wema ambao mama hakujua lugha zao, na hapakuwa na Mkonzo hata mmoja wa kulia naye. Nilipozaliwa mimi akaniita Biira, kwa sababu nafasi ya mtu haifutwi. Lakini kambini hakuna aliyejua kuyasoma majina yetu, kwa hiyo alipoulizwa ana watoto wangapi, alitaja waliokuwa wakionekana. Alisema ilikuwa rahisi hivyo, na kwamba urahisi huo ndio uliomuuma. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, nami nilikuwa nimeuanika bombani.

“Hakupata jina ya pili,” akasema. “Ya ubatizo, ya ukoo, hapana. Weye unajua kutoa majina. Mupe moja muzuri.”

Sijawahi kupewa kazi kubwa kama ile. Nilitaja jina la upepo, nikataja la jua, hata la malkia nikamvulia. Mama alilirudia kila moja polepole, akilionja, akatikisa kichwa. Yote yalikuwa matamu, na hakuna lililomfaa mtoto wa siku kumi na moja. Mwisho akaniwekea mkono kichwani. “Wacha, Biira. Iko na jina yake.” Nikalia, kwa huzuni na kwa furaha ya kuitwa.

Jumamosi iliyofuata mama mwenyewe alitoka kununua mawese. Mama Filomena akamuuliza, kama wanavyouliza wafanyabiashara wote, ana watoto wangapi. Nilikuwa nimeshika chupa. Mama akajibu kwa Kiswahili cha mpakani, kile cha utotoni mwake Bwera, “Niko na bane,” yaani wanne. Mama Filomena hakuuliza wa nne yuko wapi. Alifanya ishara ya msalaba, akaongeza kijiko cha mafuta.

Leo mjukuu wangu huko Kampala anaandika hadithi za viumbe wa misituni wenye masikio yaliyochongoka, kama wetu. Majina anaiomba simu imtungie, yanamiminika kwa mia, malaini, yenye mawimbi, na nakiri mengine yanayashinda yangu. Humuuliza: huyu alitanguliwa na nani? Nani alimlilia? Hucheka, husema, “Bibi, ni jina tu.” Sina haki ya kumkaripia, na hadithi zake nazipenda. Zamani jina lilitukuta tayari limebeba watu, na mzigo huo wakati mwingine ulikuwa mzito kwa mtoto. Siku hizi jina ni jepesi. Sijui kama tumepata au tumepoteza, ila najua kwamba bila uzito ule nisingemjua dada yangu.

Mama tulimzika Nyakiyumbu, jirani na Bwera, kwa watu wa kwao. Kijana aliyeshika kipaza sauti alikuwa ameandikiwa historia ya marehemu, akaanza kusoma watoto, kila mmoja asimame akitajwa: “Wa kwanza, Biira.” Nikasimama, si kwa kuitika. Nikamwambia arudi nyuma, aanze na Masika. Akasoma, “Wa kwanza, Masika,” akanyamaza, akingoja. Wageni wa mjini wakageuza shingo kumtafuta. Watu wa Nyakiyumbu hawakugeuka; waliinamisha vichwa, wakangoja pamoja naye mpaka muda wa mtu kusimama ulipokwisha, ndipo akaniita mimi.