Miti Minne ya Mlango wa Zizi

Ipo siku moja ninayoikumbuka kuliko nyingi, nayo haihusiani na ng'ombe ninaotaka kukusimulia. Lakini niache nianzie huko, mwanangu, maana mguu wa mzee hauanzi safari bila kuzunguka nyumba kwanza.

Nilikuwa kijana, ndevu ndiyo kwanza zinatoka. Nilitumwa chumvi ya ng'ombe kule ziwa Balangida, chini ya mlima Hanang. Kutoka kwetu Tlawi ni mwendo wa siku mbili kwa miguu, na kurudi ni kupanda. Baba mdogo aliniazima punda wake. Huyu baba mdogo alikuwa na mdomo mkali, hata mbwa wake walikuwa wanalala mbali na mlango. Akaniambia, "Punda huyu nakuazima, si wako. Ukinirudishia amechoka, tutaonana." Akaingia ndani.

Kwenda hakukuwa na shida. Wakati wa kurudi, kabla hata hatujafika Katesh, nikamsikia punda anahema. Yule baba mdogo akanijia kichwani na mdomo wake wote. Nikamshusha punda gunia, nikaliweka begani kwangu, tukaendelea. Punda mbele, mtupu. Mimi nyuma na gunia.

Tukakutana na mzee mmoja wa Kibarbaig, mrefu, shuka begani, anachunga ng'ombe wake. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, akamtazama punda, akanitazama mimi.

"Punda anaumwa?"

"Haumwi, mzee."

"Ana mimba?"

"Ni dume, mzee."

"Basi ni baba mkwe wako." Akawageukia ng'ombe wake kama ndio watu wa kwao. "Njooni muone, huyu anamsindikiza mkwewe sokoni."

Nikamweleza habari ya baba mdogo. Akasikiliza mpaka mwisho, hawa watu hawakatizi mtu maneno. Kisha akaniuliza, "Huyo baba yako mdogo yuko hapa?"

"Yuko Tlawi."

"Lakini amekupanda mgongoni. Anayeogopa mdomo wa mwenzake hubeba hata mzigo wa punda."

Akaondoka zake na ng'ombe wake, hakugeuka, na sikumwona tena maishani. Nilimtukana kimoyomoyo, nikabeba gunia langu mpaka Tlawi. Na unajua baba mdogo alisema nini? Alimshika punda mgongo, akaona hana hata alama ya kamba, akasema, "Sasa hukumpakia kitu? Nilikupa wa nini?" Bega liliniuma siku nyingi.

Basi. Kuishi kwingi ni kuona mengi, na moja ninaloliona sasa ni kwamba mtu aliyeumizwa na mdomo wa mkubwa wake akiwa kijana, asipojichunga, huja kuurithi mdomo uleule.

Kwetu mwenye boma ndiye anayefungua zizi asubuhi. Zizi langu lina miti minne ya kulaza, mmoja juu ya mwingine. Ukiichomoa, ng'ombe wanatoka, na anayeichomoa ndiye anayesema leo wanakula wapi. Kazi hiyo niliipokea baba alipofariki, nikaifanya miaka arobaini na zaidi, kila alfajiri, hata mwezi wa saba ambapo baridi ya Tlawi inakung'ata vidole kama mbwa mdogo. Magoti yalianza kulia, nikaenda. Mke wangu Katarina alikuwa ananiambia, "Baba Paskali, mtoto yupo. Ana mke na watoto. Mwachie walau asubuhi moja upate uji wa moto."

Nilikuwa namjibu kwa methali: ng'ombe haelemewi na nunduye. Methali nzuri, lakini mimi nilikuwa naitumia kama blanketi, najifunika nayo nisione. Nundu imeota mwilini mwa ng'ombe. Mti wa zizi haukuota mwilini mwangu.

Na mzigo mmoja huzaa. Nikishafungua, mchana kutwa macho yangu yanawafuata ng'ombe mabondeni: nani amewaacha karibu na maharage ya jirani, nani amewanywesha mapema. Jioni nakaa nahesabu nani hakuniamkia shikamoo njiani, na huyo ni mtoto wa nani. Hata viatu vya kanisani, vilikuwa vinanibana tangu mwaka niliovinunua, lakini mzee wa boma atakwendaje na ndala? Nilivivaa. Nacheka sasa. Wakati ule sikucheka.

Sasa sikia kosa langu, nakueleza kama lilivyo.

Mwaka mmoja, Jumapili, niliondoka gizani nikidhani nitarudi mapema kufungua zizi, lakini ibada ilichelewa. Jua likapanda, ng'ombe wanalia. Paskali, mwanangu huyu mmoja wa kiume, akachomoa ile miti akawapeleka kwenye shamba la mahindi tuliyokwisha kuvuna, kabla hatujakusanya mabua ya kuweka akiba. Nilirudi nikakuta mabua yamekanyagwa. Nilimwita pale mlangoni pa zizi, mbele ya mke wake, mbele ya watoto wake, nikamwambia, "Ukigusa miti hii mimi nikiwa hai, nitajua umeshanizika."

Mabua, mwanangu. Nilisema neno kama hilo kwa ajili ya mabua. Na kwetu neno la baba halitupwi kama maganda ya maharage. Paskali ile miti hakuigusa tena.

Msimu wa baridi uliopita kifua kilinibana, binti yangu aliyeolewa Katesh akaja kunichukua nikatibiwe huko. Tulidhani ni kulala siku moja, zikawa nne. Paskali alipiga simu kila jioni. "Unaendeleaje, baba?" Namwambia nafuu. Mimi nauliza, "Ng'ombe wameshiba?" Ananijibu, "Wameshiba, baba." Hakuuliza jingine. Nami sikufikiri kwamba kuna jingine la kuuliza.

Nilirudi saa sita mchana. Kabla ya kufika nyumbani niliona njia mpya, nyembamba, imekanyagwa kutoka chemchemi mpaka kwenye zizi, na haikuwepo nilipoondoka. Nikatazama mlango. Miti yote minne iko mahali pake. Ng'ombe saba wako ndani, wanatafuna majani mabichi yaliyokatwa kwa mundu. Na Paskali anapanda kilima na madumu mawili ya maji, shati limechanika begani.

"Shikamoo, baba. Pole na safari."

"Marahaba. Kwa nini ng'ombe wako ndani?"

Akatua madumu. Akatazama chini.

"Miti ulikuwa hujaitoa," akasema.

Mwanangu, nilikosa pa kukaa. Ng'ombe saba, kila mmoja na miguu yake minne, na mtu wa miguu miwili amewabebea majani na maji siku nne kwa sababu ya mdomo wangu. Kuchomoa ile miti, kwake yeye, kulikuwa ni kusema baba amekufa, na baba alikuwa mgonjwa kweli. Angeniulizaje kwenye simu? Nikamsikia yule mzee wa Kibarbaig kana kwamba amesimama nyuma yangu: yuko mbali, lakini amekupanda mgongoni. Mimi nilikuwa Katesh nimelala chini ya blanketi za binti yangu, kumbe nimempanda mwanangu.

Niliingia jikoni. Katarina hakuinua macho kutoka kwenye chungu.

"Ng'ombe wameshiba," akasema. "Mwanao ndiye hajashiba. Na yale mabati nyuma ya nyumba, unayajua ni ya nini?"

"Si ya banda la ndama?"

"Ni ya Masieda. Amepata shamba huko, anahama na mke na watoto. Anasema anataka mlango wake."

"Amekuambia lini?"

"Mkewe ndiye ameniambia. Katika boma hili nani anakuambia wewe kitu?"

Mimi wa zamani ningetoka na fimbo. Lakini mdomo uliponza kichwa, na wangu ulikuwa unakaribia kuniponza boma zima. Nikaamua. Nilikunywa maziwa nikapumzika, maana jambo la namna hii hulifanyi ukiwa umechoka.

Kulipokucha nilisimama mlangoni pa zizi, palepale nilipolisemea lile neno. Nikamwita Paskali, nikamwita mkewe na watoto, kwa sababu walilisikia wote. Nikasema, "Neno nililolisema hapa nimelirudisha mdomoni mwangu, nimelimeza. Halina nguvu tena juu ya mtu yeyote." Nikachomoa mti wa juu nikampa.

Hakuupokea. "Baba, bado unaumwa?"

"Nimepona. Ndiyo maana."

Akaupokea, akaulaza chini. Wa pili. Wa tatu nikaushika nikamwambia, "Ukitaka kwenda Masieda, nenda. Sikupi hii ili nikufunge. Lakini toka hapa kwa mlango, mtu asiondoke kwa baba yake kama ndama aliyeruka ua."

Akaupokea wa tatu. Macho yake yalikuwa yamejaa.

Mti wa nne nilimpa, akaushika upande wake, na mimi vidole vyangu vikakataa. Tukasimama hivyo, watu wazima wawili, tumeshikilia mti. Katarina akasema kutoka nyuma, "Achia, mzee. Huo si mkono wa bibi harusi." Wajukuu wakacheka, na mimi nikacheka, na vidole vikafunguka.

Usidhani ilikuwa rahisi. Alfajiri zilizofuata miguu yangu iliamka peke yake, nikairudisha kitandani. Nilianza kupita nyuma ya nyumba nisilione zizi. Siku ya tatu aliwapeleka ng'ombe kwenye mteremko ambao mimi nisingewapeleka hata kwa bunduki. Nikashika kikombe changu kwa mikono miwili nikanyamaza. Walirudi wameshiba. Nikajifunza kwamba uji una ladha nyingine kabisa ukiwa wa moto. Na wale wasioniamkia, siku hizi nawaanza mimi: "Mama hajambo?" Wanashtuka, wananipa shikamoo mbili. Viatu vile nilimpa jirani mwenye mguu mdogo.

Mabati hayajaenda Masieda. Mwezi uliopita nilisikia nyundo, nikaona Paskali yuko juu ya banda la ndama. Sikuuliza. Akitaka kuniambia ataniambia, na siku hizi huwa ananiambia.

Sasa wewe, mwanangu unayesoma haya. Ukiwa bado kijana, na umebeba mzigo wa mkubwa wako kwa kuogopa mdomo wake, mwendee angali hai, mwamkie vizuri, mwambie, baba, bega linauma. Huenda hajui. Baba mdogo hakujua, na mimi sikujua, na mimi nilikuwa na macho mawili. Usifunge neno zito kwenye kitu chepesi kama mabua, kwa sababu mabua yataoza na neno litabaki. Na siku nawe utakapokuwa mzee, angalia mikono yako imeshika nini. Kama yupo wa kukupokea, mpe wakati bado una nguvu za kumpa, asije akakinyofoa kwenye mkono wa maiti. Utaona vitu vingi ulivyoviita heshima vilikuwa baridi ya asubuhi tu.

Mungu akupe mvua kwa wakati wake na ng'ombe wanaorudi jioni. Akupe mtoto wa kukupokea mzigo, na siku hiyo vidole vyako visikatae. Bega lako lipone.

Mimi asubuhi ile, mti wa nne ulipotoka mkononi, niligeuka nikaelekea nyumbani. Nikasikia kwato zinapita mlangoni, moja baada ya nyingine. Sikugeuka kuhesabu, na pale mlangoni sijarudi tena.