Pedali ya Upande wa Nyanya

Naikumbuka siku ile kwa baridi yake, mwanangu. Ilikuwa ile miezi ya katikati ya mwaka ambapo Nyeri haioni jua, na mlima unajificha kama mtu aliyenuna. Nilikuwa msichana aliyetoka shule juzi, nikijifunza kuendesha gari. Kichwa nilikuwa nacho kigumu. Hicho chako usiniulize umekitoa wapi.

Babu yangu, tuliyemwita Guka, ndiye aliyenifundisha. Gari lake lilikuwa la zamani sana, alilinunua kwa mzungu aliyekuwa akirudi kwao, na alilipiga msasa na rangi kuliko alivyotupaka sisi mafuta. Kabla ya kunikabidhi usukani alilipeleka kwa fundi Mutua, Mkamba aliyekuwa na karakana mjini, atengeneze pedali ya pili ya breki mbele ya kiti cha abiria, kama zile za magari ya shule za udereva. Pedali hizo mbili zingeunganishwa kwa chuma kimoja, ukikanyaga moja, ya pili nayo inashuka.

Mutua alipoinua mkeka wa upande ule, akatuita. Sakafu nzima ilikuwa imeshika kutu, isipokuwa mahali pamoja palipobonyea, pa ukubwa wa kisigino. Hapo chuma kiling'aa kana kwamba kimesuguliwa asubuhi hiyo.

"Mzee, nani alikuwa anakaa hapa?" Mutua akauliza.

Guka akasogea karibu. "Bibi yangu, nyanya ya huyu. Nikiendesha alikuwa anakanyaga hapo, ati anafunga breki. Mimi nacheka tu." Akainama akapagusa. "Weka hiyo pedali hapo hapo kwa hiyo shimo. Hapo ndio mguu yake inajua."

Nyanya alikuwa amefariki nikiwa mdogo. Mimi ndiye niliyerithi jina lake, Wanjiku, nawe unaijua desturi yetu: aliyepewa jina la nyanya ndiye nyanya aliyerudi. Guka aliniita "mke wangu" tangu nikiwa wa kubebwa mgongoni. Basi niliposikia hayo nikaangua kicheko, nikasema mzee anamtengenezea marehemu breki. Mutua hakucheka. Alivaa miwani yake akaanza kuchomelea.

Kazi ilipokwisha tukashika njia ya kwenda nyumbani Mukurweini. Guka alikaa kwenye kiti cha Nyanya, pahali ambapo hakuwahi kukaa tangu alinunue gari. Mwanzoni aliweka mguu kwenye ile pedali mpya, halafu akauondoa.

"Hapa chini iko na baridi ingine," alisema, akaikunja miguu yake juu ya kiti, akajifunika blanketi.

Ukungu ulikuwa mzito, huoni mbali kuliko pua ya gari. Lakini barabara nilidhani naijua, na mteremko wa kwenda mtoni unaliita gari lenyewe. Nikaongeza mafuta.

"Pole pole, mke wangu," Guka akasema.

"Guka nawe! Unaogopa kama mwanamke."

Mdharau mwiba mguu huota tende. Sikuwa nimeyamaliza maneno hayo nilipoiona pedali ya breki ikishuka yenyewe. Mguu wangu ulikuwa kwenye mafuta, mwanangu, naapa. Ilishuka taratibu, kisha ikazama mpaka chini. Gari likalia, likayumba, likasimama na kuzimika.

Ndipo ukungu ukafunguka kidogo mbele yetu. Kina mama walikuwa wakivuka barabara kupeleka kahawa kiwandani, magunia mgongoni, kamba ya ngozi kwenye paji la uso, wameinama hivi kwamba hawaoni ila ardhi. Walipita mbele ya gari mmoja baada ya mwingine, kimya, karibu kiasi cha kuguswa. Hakuna hata mmoja aliyeinua kichwa. Wa mwisho alipapasa chuma cha gari kwa kiganja, kama mtu anayetuliza ng'ombe, akaingia ukunguni.

Nikamgeukia mzee. "Asante, Guka. Ungechelewa kufunga breki ningewaua."

Akafunua blanketi. Miguu yake ilikuwa bado imekunjwa juu ya kiti.

"Mimi sijafunga," alisema. "Nilifikiria ni wewe."

Tukatazama chini, mimi upande wangu, yeye upande wake. Pedali zote mbili zilikuwa bado zimekanyagwa.

Guka akavua kofia. Akasema kwa sauti ya chini, kama anayeongea na mtu aliye karibu, kwa jina alilozoea kumwita Nyanya, "Mama Kamau, imetosha. Amesikia." Na pedali zikapanda, taratibu, kama mtu anayeondoa mguu.

Mutua nilipomsimulia alisema labda springi ilinata. Labda. Lakini mimi najua kazi ya springi ni kuinua pedali, si kuikanyaga.

Pale pale barabarani Guka alilia. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, na siku ile mzee alikuwa na vyote viwili ndani ya gari moja. "Hiyo kicheko yako ni yangu," aliniambia. "Nilimcheka huyu mama mpaka akaingia kaburini, na yeye alikuwa anachunga maisha yangu. Sikumwambia asante hata siku moja." Kisha akahamia kiti cha nyuma. Cha mbele tulikiacha, tukaenda nyumbani mwendo wa kinyonga.

Sasa wewe nawe umepata leseni, na jana nilikusikia ukiwaambia wenzako kwamba mama yako akikaa kwenye gari anakanyaga sakafu. Ni kweli, nakanyaga. Mwanangu, usimcheke anayeogopa kwa niaba yako. Anayekuambia pole pole haogopi gari, anaogopa kukuzika. Mshukuru angali na masikio ya kusikia shukrani.

Njoo nikutemee mate ya baraka kifuani, kama alivyonitemea Guka. Mungu wa mlima huu akuongoze kwenye kila mteremko. Uende salama, urudi salama, na hata siku ambayo mimi sitakuwapo, kiti cha kando yako kisikose mguu.