Mshenga wa Munje na Insha Yangu

Sisi tuliosoma Msambweni miaka ya hamsini tulifundishwa kuchambua hotuba kabla hatujajua kuvaa viatu. Nasema hivi kwa sababu jana mjukuu wangu aliniletea insha yake, ati ni uchambuzi wa hotuba, nikaisoma mpaka kichwa kikaniuma. Takriri imo, tashbihi imo, kila mbinu imepewa jina lake. Nikamwuliza, "Na huyu msemaji alikuwa anataka nini kwa watu?"

"Bibi, hilo halikuulizwa."

Nimechoka na watoto hawa. Mwalimu wetu, Mwalimu Jumaa, alianza na hilo, na ukishindwa kujibu ulisimama juani mpaka mwenzako akuokoe. Tulikaa mkekani matumbo yamejaa muhogo wa nazi, vumbi la chaki likituwasha pua. "Nendeni mkamsikilize mtu anayetaka kitu," alituambia. "Niandikieni anavyosema, na anachokikwepa."

Ikawa wiki hiyo hiyo dada yangu Mesalimu anaposwa. Mshenga, mzee wa kijiji cha Munje mwenye sauti laini, aliketi barazani na baba, sinia ya tambuu mbele yao. Sisi wanawake tulikaa ndani nyuma ya pazia, kama ilivyo desturi, tukisikia kila neno. Mzee alianza na marehemu babu, akamsifu hadi baba akafuta machozi. Akaingia kwenye udugu wa tangu na tangu, akaingia kwenye dini, na kila alipotaka tusogee kumsikiliza alishusha sauti. Baba alikuwa keshalainika. Dada aliung'ang'ania mkono wangu, maana alikuwa anaozwa mtu asiyemjua hata sura, na aliogopa sana.

Mzee akapewa siku ya kurudi kuchukua jawabu. Nikaandika insha yangu, na kwa kuwa mama hakujua kusoma, nikamsomea jikoni akikuna nazi. Nilipofika pale nilipoandika kwamba msemaji amewasifu wazima na wafu, ila mposaji mwenyewe hakumgusa kabisa, mama aliacha kukuna.

"Hebu rudia hapo, mwanangu."

Nikarudia. Akanishika mkono, akanipeleka kwa baba nikamsomee na yeye.

Mshenga aliporudi, baba alimpa shikamoo yake, akamkaribisha kahawa, kisha akasema, "Mzee wangu, huyo bwana mwenyewe hatujamsikia. Ni mtu wa namna gani?" Mzee akakohoa, akamrudia marehemu babu. Baba akauliza tena, kwa upole ule ule. Mwisho ikatoka kwamba bwana ni mtu mzima, ana wake watatu, na hakuna anayekaa naye kwa amani. Posa ikakataliwa kwa adabu zote. Dada alilia kwa furaha, akanipikia kaimati.

Mwaka uliofuata alikuja mshenga mwingine, mzee mwenye kigugumizi, jasho linamtiririka. Alisalimu, akahangaika na maneno yake, mwisho akasema, "Kijana ni seremala. Nimekuja naye, yuko hapo nje. Mwulizeni mwenyewe."

Siku hizi maneno matamu yamejaa kila mahali, na vijana wetu wanayapigia makofi kabla hayajaisha. Nazikumbuka siku zile tulipokuwa tukisikiliza. Nikimpa mjukuu wangu hotuba ya yule mzee wa kigugumizi aichambue, ataniambia haina kitu. Sisi tulimpa yule seremala dada yetu.