Punda Aliyefufuka Mapema

Siku yangu ya kwanza katika shirika dogo la vitabu vya Kikristo, mjini Machakos, sikupewa hata kalamu. Mhariri Mkuu, mama mwembamba asiyependa salamu ndefu, alinikabidhi mswada akaniamuru niusome kwa sauti.

"Kitabu cha rika zote hupimwa na masikio," alisema. "Mtoto akitoka kwenda kucheza, rekebisha. Mzee akisinzia, rekebisha pia."

Hiyo tuliiita kusomea benchi. Kabla ya kupiga chapa, tulipeleka sura kanisani baada ya ibada, tukaketisha watoto mbele na wazee nyuma, tukasoma huku tukiwatazama nyuso.

Mfululizo uliotulisha ulikuwa wa nchi ya kubuni ambayo jitu limeziba visima vyake vyote. Watoto wawili na punda asemaye, Ngatho, wanaitafuta chemchemi ya Mfalme. Mchungaji mmoja alitaka kujua punda huyo anasema kwa nguvu za nani. Mhariri Mkuu alimwambia amuulize Balaamu, ambaye punda wake alisema katika Biblia.

Alipostaafu nilikalia kiti chake, na mswada wa kitabu cha tatu ukanikuta hapo. Mwandishi, mwalimu mstaafu wa Katangi, alikuwa amemuua Ngatho jangwani akiwa na mitungi ya maji mgongoni. Mkurugenzi wa shirika alikuja juu.

"Nani atanunulia mtoto kilio?" aliniuliza. "Mfufue ukurasa unaofuata."

Mwalimu naye akasema akiguswa punda, atachukua vitabu vyake vyote. Bila vitabu hivyo tungebaki kuchapa kalenda na kadi za harusi. Fahali wawili wakipigana, nyasi ndizo huumia, na nyasi nilikuwa mimi. Nikapendekeza benchi iamue.

Tulikwenda Katangi, Mkurugenzi akiwemo. Nilisoma sura kama alivyoitaka yeye: Ngatho anaanguka, Mfalme anamgusa, anainuka. Watoto walipiga makofi. Mkurugenzi akaniangalia, ameridhika.

Kule nyuma ajuza mmoja aliinua mkono kama mwanafunzi. Mwalimu akaninong'oneza kwamba alikuwa amemzika binti yake majuzi.

"Sema, Susu," nilimwambia, kwa maana hivyo ndivyo Wakamba tunavyomwita nyanya.

"Huyo punda amerudi haraka sana," alisema polepole. "Mimi niko na msichana wangu hapo kwa kaburi, na naomba kila siku. Sasa mimi nimekosa nini?"

Mwalimu aliinuka akaenda kuketi karibu naye. Mimi nilifunga mswada.

Tulipokuwa tukiingia mjini Mkurugenzi alinigeukia. "Wacha alale," alisema. "Mfalme atamwamsha kitabu cha mwisho."

Watoto walitulaumu miaka yote waliyongoja, wengine hadi wakaota ndevu. Kitabu cha sita, kile cha mwisho ambamo Ngatho anaamka, kilipotoka walikuja ofisini wenyewe, hawakungoja kifike dukani.

Sasa nimestaafu, nakaa Mumbuni. Mwaka huu nimemzika mke wangu. Watu wema wanakuja kunifariji, na karibu wote wanakimbilia ukurasa wa mwisho, ule wa ufufuo. Nawashukuru, nawapa chai. Wakiondoka nachukua kitabu cha tatu, nasoma kwa sauti pale Ngatho amelala na watoto wanajitwika maji waendelee na safari. Cha sita nakijua vizuri, nilikihariri mwenyewe, na ninakiamini. Ila sijafika huko bado.