Waya Juu ya Kamba ya Nguo

Mume wangu ni fundi saa. Kutwa nzima ameinamia vijigurudumu ambavyo mtu mwingine angevifagia na vumbi, lakini ikikaribia saa kumi alasiri anafunga kibanda na kukimbilia nyumbani kwenye redio yake ya upepo, ile ya kuzungumza na watu walio mbali. Leseni anayo. Ameitundika ukutani juu ya picha ya harusi yetu. Juu, si pembeni. Nimeshazoea.

Saa kumi kamili huongea na dada yake, nesi mstaafu anayeishi peke yake ng'ambo ya milima, mahali ambapo simu haishiki. Redio ya huko alimfungia mume wangu mwenyewe. Maongezi yao ni magoti, kuku na kutaniana, mpaka siku mume wangu alipomwomba ahamie kwetu na wifi akakataa kwa mara ya kumi. Mume wangu akafoka, "Basi kaa hukohuko na ukaidi wako!" Akazima redio bila kuaga.

Kesho yake asubuhi nami nikaanzisha langu. Waya wa antena ulipita uani, juu kidogo tu ya kamba yangu ya nguo, na ulikuwa umenichania shuka la tatu. Nikamwambia, "Chagua, waya au mimi." Akacheka, akauhamisha, akaufunga kati ya mnara wa tangi la maji na paa la ghorofa ya jirani, mita ishirini kwenda juu. Alifurahi kuliko mimi. Nani asiyejua kwamba aliye juu ndiye anayesikika?

Saa kumi, kimya. Alimwita dada yake mpaka koo likamkauka. Walioitikia ni watu wa nchi za mbali, wakimsifu kwa sauti yake safi. Siku ya pili vilevile, ya tatu vilevile.

"Amenisusa," akasema.

Mimi niliogopa jambo jingine na sikulisema. Mwanamke wa miaka sabini na moja, peke yake, na daraja la kwenda kwake limesombwa na mvua. Akianguka, nani atajua?

Tulichanganyikiwa wote wawili. Alifungua redio, akaifunga, akapima kila kiungo, akaifungua tena. Inakuwaje sauti ifike ughaibuni, ishindwe kuvuka milima tunayoiona dirishani? Siku ya sita alimrudishia mteja saa isiyo na mishale, na mteja naye, kwa mshangao, akaondoka nayo.

Siku ya tisa, muda mfupi baada ya saa kumi, mwalimu mmoja mstaafu wa nchi ya mbali alimkatiza hewani. "Samahani, fundi. Kuna mama anakuita kila siku saa hizihizi. Namsikia kwa shida, lakini namsikia. Mbona humjibu?"

Mume wangu akasimama, akakaa, akasimama tena.

"Waya wako uko juu kiasi gani?" mwalimu akauliza.

"Mita ishirini."

"Ndiyo sababu. Kwa mawimbi haya marefu, waya ukiwa chini, sauti hupanda wima, ikagonga angani na kushuka karibu yako, hata nyuma ya milima. Ukiupandisha hivyo, sauti inalala, inawaruka jirani zako na kutua kwetu. Na masikio yako yanafuata njia hiyohiyo."

Mpaka leo sijaelewa vizuri. Ninachojua ni mpira wa kumwagilia: ukiuelekeza juu, unajilowesha mwenyewe; ukiulaza, maji yanatua mbali. Nilikwenda kushika ngazi bila kuambiwa, maana niliyetaka waya uhamishwe ni mimi, na aibu ilikuwa inaniwasha.

Tuliurudisha palepale, juu ya shuka zangu. Alipowasha redio, wifi alikuwa katikati ya maneno, sauti imechoka.

"...mdogo wangu, leo siku ya tisa nakwambia. Nimekubali. Mizigo nimeshafunga, kuku nimempa jirani. Daraja likitengenezwa nakuja. Kama hunitaki tena, niambie tu, nifungue mizigo."

Mume wangu alishika kipaza sauti. Akanipa mimi.

"Wifi," nikasema, "usifungue hata kifundo kimoja. Kosa ni la shuka zangu."

Wifi akauliza, "Na huyo anayevuta kamasi hapo nyuma ni nani?"

Nikamrudishia mume wangu kipaza sauti. Nilitoka uani nikaanua nguo, ingawa zilikuwa bado mbichi.