Ruhusa ya Kusoma Tu

Jerusha Robi alitunza kumbukumbu katika ofisi ya Migori mjini, makao ya shirika lenye zahanati tatu: Osiri, Kisegi na kisiwani Takawiri. Kila zahanati ilikuwa na friji ya chanjo, na kipimajoto chake kilijaza faili kwenye kompyuta ya hapo kila nusu saa. Lakini faili hizo zilisomwa mwisho wa mwezi tu. Mwaka uliopita chanjo za Takawiri zilikaa kwenye joto siku tatu bila mtu kujua, zikatupwa zote.

Basi Jerusha, aliyejifundisha mwenyewe, akaandika skripti, programu fupi ya kusoma faili zote tatu kupitia mtandao. Akiiendesha kwa mkono, inakubali. Akiipangia ijiendeshe kila saa, inagoma: huna ruhusa.

Alihangaika siku nne. Dishon, fundi wa mtandao, alimshauri awafungulie watu wote folda zenye faili hizo, mambo yaishe.

"Na faili za wagonjwa zilizomo humo?" Jerusha akamuuliza.

Jumatano asubuhi ndipo alipoelewa. Akiiendesha mwenyewe, skripti iliingia kwa jina lake, nalo kompyuta za zahanati zililijua. Ikijiendesha, iliingia kwa jina la kompyuta ya ofisi, na kule hakuna iliyolitambua. Alisimama, akaketi, akasimama tena. Akaifungulia skripti akaunti yake yenyewe, akazihamishia faili za joto kwenye folda ya peke yake, akaipa akaunti ile ruhusa ya kusoma tu. Osiri ikakubali. Kisegi na Takawiri zikakataa. Kumbe huko alikuwa ametoa ruhusa ya kuingia kwa mtandao, akasahau ya folda yenyewe. Akarekebisha.

Saa tano kamili skripti ikajiendesha. Jerusha alipiga makofi, ofisi nzima ikageuka. Osiri, digrii nne. Takawiri, tano. Kisegi, saba na nusu, juu kuliko nusu saa iliyotangulia. Chanjo hazifai kupita nane.

Alimpigia Benta, muuguzi wa Kisegi.

"Sista, friji ya chanjo iko sawa?"

"Iko sawa, nyathina, mwanangu. Niliiangalia asubuhi."

"Tafadhali iangalie tena. Imefika saba na nusu, na inapanda."

Alisikia viatu vikikimbia. Fundi aliyekuwa akipaka rangi ukuta wa zahanati alikuwa ameichomoa friji ili asogeze ngazi. Benta aliirudisha kwenye umeme, akazihamishia chanjo kwenye kisanduku cha barafu kabla hazijafika nane. Kesho yake ilikuwa kliniki ya watoto wachanga, na kina mama wangetoka mbali.

"Ero kamano, asante sana," Benta alisema akihema. "Lakini umejuaje ukiwa Migori?"

Jerusha alicheka mpaka akashindwa kueleza. Alipokata simu, Dishon alikuwa amevuta kiti kando yake, akimwomba amwonyeshe tangu mwanzo.