Kufunga Mlango Mchana

Kwetu Katumba, miaka ile ya tisini, mtu akiwa nyumbani mlango wake ulikaa wazi tangu asubuhi mpaka kuku waingie kulala. Ukipita ukaukuta umefungwa na moshi unatoka ndani, ulijua mwenye nyumba hakutaki, na jioni habari ilikuwa imeshafika kisimani. Nililelewa hivyo, na nilipoolewa nikaendelea hivyo hivyo. Nasema mapema ili usije ukanionea huruma baadaye.

Jirani yangu wa upande wa kisimani alikuwa mjane mwenye binti mmoja wa miaka minne. Kabla hajafiwa, kijana mmoja wa kijijini petu aliwavunjia nyumba, akamkata mumewe panga la bega. Ilikuwa giza, lakini yule mama aliitambua sauti, akaenda mahakamani Mpanda kuyasema hayo mbele ya mwenye sauti. Kijana akafungwa miaka saba. Mumewe alipona bega, akaja kufa kwa homa. Haijatimia miaka mitatu, mfungwa huyo karudi. Amepata msamaha, tuliambiwa. Alionyesha tabia njema, akapunguziwa.

Sisi ambao wazazi wetu walitoka Burundi wametubeba mgongoni tulikuwa na hofu moja kubwa, hofu ya ugomvi usiomalizwa. Wazee wetu walikuwa na utaratibu. Aliyekosa analetwa nyumbani kwa aliyekosewa, anakalishwa ndani, na wote wawili wanakunywa kibuyu kimoja kwa mirija miwili. Kanisa lilishakataza pombe, kwa hiyo tukatumia togwa. Mjane alivuta mrija akiwa amefumba macho. Yule mtu alivuta huku akiitazama nyumba: dirisha, dari, kitanda kule nyuma ya pazia. Baba mkwe wangu, mmoja wa wazee wale, akatangaza kuwa tangu siku hiyo mtu huyu ni ndugu wa marehemu, na mtoto atamwita baba mdogo. Tukapiga makofi. Mimi nilipiga kwa nguvu huku nalia, maana nikilia napenda watu wajue.

Kesho yake mjane akaanza kufunga mlango mchana. Alikuwa na gogo la mninga, akilikingamiza kwa ndani, anapika humo humo moshi ukimuumiza macho. Na yule mtu alikuja kila asubuhi kukaa kwenye kichuguu ng'ambo ya njia, akisokota kamba. Gerezani walimfundisha. Ilikuwa kamba ndefu mno, wala hatukuwahi kumwona akiiuza au kufungia kitu. Hakumtolea mtu neno baya. Ukipita alikusalimia kwa adabu, kisha akakuuliza, "Shemeji hajambo humo ndani?" Nilimjibu hajambo, halafu nikajikuta naharakisha bila kujua kwa nini.

Mama yake yule mtu ndiye aliyepeleka malalamiko kwa wazee. Mwanawe amekunywa kibuyu kimoja na mtu, na mtu huyo anamfungia mlango mchana kweupe kama mwizi! Kama mwizi, alisema, na hakuna aliyecheka. Baba mkwe akaniita.

"Mkwe, wewe anakusikiliza. Kamwambie afungue. Nyie wanawake mnaelewana. Ugomvi huu ukirudi, unaturudia sote."

Nilikwenda. Alinifungulia upenyo wa kiganja. Nikamwambia anatuaibisha. Hilo ndilo neno nililolitumia, na natamani ningekuwa mtu wa kusahau maneno.

"Dada," akasema, "yule anasikiliza ninavyopumua."

Nikamwambia aache kuogopa vivuli. Mtu amesamehewa na serikali, amesamehewa na Mungu, yeye ni nani? Mjane akaliinua lile gogo akanipa. Nililibeba mwenyewe mpaka kwangu, nikalipasua, nikapikia maharage.

Siku tatu mlango ukakaa wazi, na kule kichuguuni hakukuwa na mtu. Nikamwambia mume wangu, unaona? Ulikuwa msimu wa kukausha tumbaku. Karibu watu wote walikuwa kwenye mabani ya kukaushia wakichochea moto, moshi umelala juu ya mapaa, na kijijini husikii sauti ya mtu. Siku ya nne, saa sita mchana, nilipita nikienda kuchota maji. Kuku walikuwa wakiingia na kutoka mle ndani na hakuna aliyewafukuza. Mtoto alikuwa ameketi kizingitini. Aliponiona akaweka kidole mdomoni.

"Mama amelala," akanong'ona.

Nami nikanong'ona, "Haya, tusimwamshe."

Nikapita nikinyata, natabasamu. Niliporudi na ndoo, kuku walikuwa bado wapo na mtoto pia. Nikapita tena. Jua lilipokaribia kuzama, nilipomwona angali pale pale, ndipo nilipoingia. Sitaeleza yote niliyoyakuta nyuma ya pazia. Nitasema tu kwamba alikuwa amefunikwa vizuri, shuka limechomekwa pande zote, kama unavyomfunika mgonjwa unayempenda.

Polisi walikuja kutoka mjini, wakauliza, wakaandika. Mama yake yule mtu akaapa kwamba mwanawe alishinda naye kwenye bani. Wazee wakainamisha vichwa. Kumshuku kulikuwa kukubali kwamba ile togwa haikuwa na maana yoyote, na hakuna aliyekuwa tayari kukubali, mimi wa kwanza. Mtoto nilimchukua mimi. Hakuna aliyemuuliza kitu. Kwetu mtoto mdogo haulizwi habari za msiba. Tulimwambia mama yake amepelekwa hospitali.

Siku ya mazishi yule mtu alikuja. Kwa kuwa tulimfanya ndugu, alikuwa na haki ya kuchimba kaburi, na alichimba kuliko wote. Tuliporudi kutoka makaburini aliketi mkekani na wanaume kusubiri chakula. Kazi yangu ilikuwa kunawisha watu mikono. Nilipomfikia nikainama na jagi na beseni, na maji yakachuruzika mekundu kutoka viganjani mwake. Nikajiambia ni udongo wa kaburini, na kweli ulikuwa udongo. Hata hivyo nilimwaga maji ovyo hadi nikamlowesha shati.

"Pole, shemeji," akaniambia kwa upole.

Hapo mtoto akaja, akipenya katikati ya watu, akasimama mbele yake na kumwamkia kama tulivyomfundisha.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu."

"Uliniambia nikae mlangoni, watu wasimwamshe mama. Nimekaa mpaka jua likazama. Nilikaa vizuri?"

Baba mkwe wangu akaanza kuinuka, mkono wake ukitafuta fimbo na kuikosa. Yule mtu hakumtazama mtoto wala mzee. Alibaki ameinyoosha mikono yake juu ya beseni, akingoja, na mimi, Mungu anisamehe, nikaendelea kumwagia maji.